Kabla ya Kutoboa Ukuta: Namna ya Kuongeza Soketi Nyumbani kwa Usalama

Mama mmoja wa Tabata aliniita kwa kazi aliyoiona ndogo. Nilipomaliza kumwamkia, akanionyesha ukuta wa jikoni.

"Nataka unitobolee soketi mbili tu, baba. Moja ya friji, moja ya jiko la umeme. Si kazi ya nusu saa hiyo?"

"Naomba kwanza nifungue hii iliyopo, mama."

Nilipoitoa ukutani, plastiki ya nyuma upande wa laivu (waya unaoleta umeme) ilikuwa na rangi ya ukoko wa wali. Skrubu imelegea, ncha ya waya imekuwa nyeusi na inavunjika kwa kidole. Waya wenyewe ulikuwa wa 1.5 (milimita za mraba za shaba), umechukuliwa kutoka kwenye njia ya taa. Waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haukuwepo. Lile tundu refu la juu lilikuwa pambo. Nikamuuliza kama friji huwa inampiga shoti. Akasema, "Kidogo tu, ndiyo maana nikiifungua navaa kandambili." Alikuwa ameishi hivyo zaidi ya mwaka.

Siku ile sikutoboa ukuta. Nilianza kwenye kisanduku cha breka, nikaenda kwenye nondo ya ethi nje, kisha ndiyo nikarudi jikoni. Utaratibu huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu watu wengi huanza na tindo na kuishia na tindo. Soketi ni mwisho wa njia. Ukiongeza soketi unaongeza mzigo kwenye njia nzima, na pale njia ilipo dhaifu ndipo moto unapoanzia.

Nani anaruhusiwa kushika nini

Tanzania, kazi ya kufunga nyaya za umeme kwenye majengo ni ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka yake ya kazi. Cheti cha VETA kinaonyesha mtu amesoma. Leseni inaonyesha ameruhusiwa. Ni karatasi mbili tofauti. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake, soma daraja lake na tarehe ya kuisha. Fundi anayejiamini hakasiriki kwa ombi hilo, na anayekasirika amekupa jibu.

Mita ya LUKU, lakiri zake na waya unaotoka nguzoni ni vya TANESCO. Hapo hata sisi wenye leseni hatugusi.

Kazi yako wewe mwenye nyumba ni kubwa kuliko unavyodhani: kupanga soketi zikae wapi, kuhesabu mzigo, kununua vifaa halali, kukata ukuta ukitaka kuokoa gharama, kuzima umeme, na kusimama pale wakati wa kupima. Kuunganisha nyaya mwachie mwenye leseni. Nimeandika pia hatua za kuunganisha ili ukisimama nyuma ya fundi ujue unachotazama.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo kabla ya kuhesabu soketi

Umeme wetu ni volti 230. Soketi ya kawaida ya pini tatu bapa imetengenezwa kwa ampia 13. Zidisha utapata wati 2,990, yaani karibu kilowati 3, na hapo ndipo mwisho wake.

Chukua daftari, pita chumba kwa chumba, soma kibati kilichobandikwa nyuma au chini ya kila chombo. Friji ya kawaida ikifanya kazi hula wati 100 hadi 200. Televisheni, king'amuzi, ruta na chaja za simu kwa pamoja mara nyingi hazifiki 200. Hizi za sebuleni zinahitaji matundu mengi lakini umeme mdogo. Vitu vinavyotoa joto ndivyo vinavyokula: pasi wati 1,000 hadi 2,400, birika 2,000 au zaidi, sufuria ya umeme ya presha kama 1,000, jiko la sahani mbili 2,000 na kitu. Birika la 2,200 peke yake linachukua kama ampia 9.6. Liweke kwenye ekstensheni moja na pasi, umeshapita.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, na tayari naona sufuria za presha zikiingia kwenye majiko ya Mbagala na Kimara ambayo yalijengwa yakitegemea mkaa. Tatizo ni kwamba majiko hayo yana soketi moja, na mara nyingine hiyo moja imekaa karibu na mlango kwa ajili ya redio. Kama unahamia kupikia umeme, jiko lako linataka njia yake kutoka kwenye DB, kile kisanduku cha breka. Usilibebeshe njia ya sebuleni.

Kiyoyozi na hita ya kuogea usiviingize kabisa kwenye hesabu ya soketi. Hita ya papo hapo inaweza kuvuta kilowati 3.5 hadi zaidi ya 5. Ina waya wake mnene, breka yake na swichi yake.

Hatua ya 2: Fungua mlango wa DB usome

DB ni kisanduku cha breka, kwa kawaida kipo ukumbini au nyuma ya mlango wa sebule. Fungua mlango wake mdogo tu, usifungue skrubu za kifuniko. Utaona swichi kubwa ya kuzima nyumba nzima, kisha safu ya breka ndogo zenye namba. Breka za taa huwa 6 au 10. Za soketi huwa 20 au 32.

Namba hiyo inalinda waya uliomo ukutani. Watu hudhani inalinda friji. Waya wa 2.5 unaotoka DB na kuishia soketi ya mwisho bila kurudi unalindwa na breka ya 20. Waya wa 2.5 unaozunguka soketi zote kisha ukarudi DB kwenye breka ileile, yaani ringi, unaweza kuwa kwenye breka ya 32 kwa sababu umeme unagawanyika njia mbili. Waya wa 4 unaokwenda bila kurudi nao hubeba 32.

Sasa, breka ya 20 ikiwa inakata kila mama anapowasha birika na jiko, kuna ushauri unaotembea sana mitaani: "badilisha uweke ya 32." Ikiwa waya ni wa 2.5 usiorudi, umeondoa mlinzi na kumwacha mwizi. Breka haitakata tena, ni kweli. Waya ndio utakaochemka ndani ya ukuta usikouona, plastiki yake italainika, na siku moja laivu na nyutro (waya unaorudisha umeme) zitagusana.

Tafuta pia kifaa kipana kidogo chenye kitufe kilichoandikwa T au TEST. Hiyo ni RCD. Kama hakipo, weka alama kwenye daftari. Tutarudi hapo, ni jambo kubwa kuliko soketi yenyewe.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kuongeza

Rahisi kuliko zote ni kubadilisha soketi ya tundu moja kuwa ya matundu mawili mahali palepale. Hakuna waya mpya unaopita ukutani, ni boksi pana tu. Kwa vitu vidogo vya sebuleni hii inamaliza kazi. Kumbuka tu kwamba soketi pacha haikutengenezwa kubeba ampia 13 kila upande kwa wakati mmoja, saa nzima.

Njia ya pili ni kuchukua tawi kutoka soketi iliyopo. Hapa fundi lazima aifungue na kuhesabu nyaya nyekundu au za kahawia kwenye tundu la L. Waya mmoja: hiyo ni soketi ya mwisho, au yenyewe ni tawi. Mbili: ipo katikati ya njia au kwenye ringi. Tatu: mtu ameshachukua tawi hapo kabla yako, tafuta nyingine. Kwenye ringi, kila soketi inatoa tawi moja, na tawi hilo linabeba soketi moja tu, iwe ya tundu moja au pacha. Tawi juu ya tawi ni marufuku.

Kuhesabu nyaya hakutoshi. Ringi inaweza kuwa imekatika mahali fulani miaka mingi, na soketi zote zikaendelea kufanya kazi kama kawaida, huku nyaya za upande mmoja zikibeba mzigo wote chini ya breka ya 32. Njia ya kujua ni kuzima, kutoa ncha zote mbili za ringi kwenye DB na kupima kama umeme unapita kutoka ncha hadi ncha kwa laivu, kwa nyutro na kwa ethi. Ni dakika kumi. Fundi asiyezitaka dakika hizo anakisia.

Njia ya tatu ni saketi mpya kutoka DB. Ni ghali zaidi na ndiyo ninayoipendekeza kwa jikoni, kwa chumba kilichoongezwa baadaye na kwa banda la uani lenye biashara ya friji au saluni.

Usichukue soketi kutoka kwenye njia ya taa. Waya wa taa ni wa 1.5 na mara nyingi hauna ethi. Ile soketi ya Tabata ilizaliwa hivyo: palikuwa na swichi ya taa karibu, fundi aliyetangulia akaona njia fupi.

Hatua ya 4: Ethi na RCD, usipite hapa haraka

Nje ya nyumba, karibu na mita, panapaswa kuwa na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini na waya wa kijani na njano unaoingia ndani. Nenda ukaitafute leo. Nimekuta nondo zilizozikwa chini ya saruji ya uwanja, zilizolika na kutu kwenye kiunganishi, na nyumba nyingine waya unaingia mchangani bila kushika chochote.

Tuseme nondo ipo na ni nzima. Laivu ndani ya friji imechubuka ikagusa bati. Umeme unapita kwenye waya wa ethi, unaingia nondo, unarudi kwa TANESCO kupitia udongo. Udongo una ukinzani. Tuseme nondo yako ina omu 20, ambayo si mbaya. Gawa 230 kwa 20, unapata ampia 11.5. Breka yako ni ya 20. Ampia 11.5 kwake ni mzigo wa kawaida, haikati. Ile ya aina B huhitaji kufika ampia 100 ndipo iwe na hakika ya kukata papo hapo.

Kwa hiyo friji inabaki na umeme kwenye bati lake, mchana na usiku. Na kwa kuwa ampia 11.5 kwa volti 230 ni zaidi ya wati 2,600, mchanga wa uani unakula uniti mbili na nusu za LUKU kila saa. Watu hunipigia wakilalamika uniti zinaisha. Mara kadhaa nimekuta chanzo ni hicho.

RCD inatatua hili. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika ampia 0.03, yaani milliampia 30, inakata ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde. Haijali breka inasema nini. Mtoto akiingiza msumari kwenye tundu akiwa amekanyaga sakafu yenye maji, hiyo ndiyo inayomwachia.

Soketi yoyote mpya iwe chini ya RCD ya milliampia 30. Kama DB yako haina nafasi, kuna breka zenye RCD ndani yake zinazokaa pembeni ya breka nyingine, ya njia hiyo moja peke yake. Na ethi ibaki lazima hata ukiwa na RCD, kwa sababu ethi ndiyo inayofanya ikate mara tu friji inapoharibika. Bila ethi inasubiri mpaka mtu aiguse.

Ardhi yetu ya pwani sehemu nyingi ni mchanga. Kiangazi hukauka na ukinzani hupanda. Ikibidi pigilia nondo ya pili umbali wa urefu wa nondo au zaidi, uziunganishe. Pima wakati wa jua kali, si baada ya masika.

Hatua ya 5: Kununua Kariakoo bila kuuziwa rangi

Kariakoo utapata kila kitu, halali na bandia, kwenye duka mojamoja. Bei ikiwa nusu ya jirani, kuna sababu.

Waya kwanza. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki: ukubwa, volti, jina la mtengenezaji, alama ya ubora ya TBS. Kisha omba ncha ya waya, uikwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Ukikuta weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Halafu pima unene. Mimi natembea na kalipa mfukoni. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.78. Wa nyuzi saba, kila uzi ni milimita 0.67. Nimewahi kununua roli limeandikwa 2.5 kwa herufi safi kabisa, nikapima nikapata milimita 1.4, yaani shaba ya 1.5 ndani ya koti nene la 2.5. Kwa jicho hutaona, koti ndilo linalodanganya. Ndiyo maana napima ncha kabla ya kutoa hela.

Rangi: nyaya mpya ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Nyumba za zamani ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro. Tahadhari ipo kwenye nyeusi. Kwa nyumba ya fezi tatu yenye nyaya mpya, nyeusi ni laivu. Usiamini rangi, amini kipimo.

Soketi: chukua yenye swichi, na yenye vifuniko vya ndani vinavyofunga matundu mawili ya chini mpaka pini ndefu ya ethi iingie juu. Jaribu dukani kwa kijiti cha mbao. Kikiingia tundu la chini bila shida, iache. Ziache pia zile soketi zinazopokea plagi za kila aina. Hazina mlango, na pini hukaa zikicheza, na panapocheza ndipo panapochemka. Hapa niseme na lile la kuchomeka kalamu tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie: kalamu inafungua mlango uliowekwa kwa ajili ya watoto, na kinachoingia chini hakikutengenezwa kwa tundu hilo. Nunua adapta yenye fyuzi, au badilisha plagi.

Boksi la ukutani chukua lenye kina cha milimita 35 badala ya 25, nyaya zisibanwe. Paipu za milimita 20, viungo vyake, skrubu. Kwa Kigamboni, Msasani na kwingine kunakopigwa na upepo wa chumvi, epuka maboksi ya bati jepesi. Ya plastiki hayashiki kutu.

Hatua ya 6: Zima, kisha thibitisha umezima

Umeme kukatika mtaani si kuzima. LUKU kuisha si kuzima. Umeme uliokatika unarudi bila hodi, na mpangaji wa chumba cha pili anaweza kununua uniti kwa simu wakati mkono wa fundi umo kwenye boksi. Zima swichi kubwa ya DB, ifunge kwa kufuli kama ina tundu, au ibandike tepu na karatasi: "MTU YUPO KAZINI, USIWASHE." Waambie walio nyumbani kwa mdomo. Kama una sola yenye inveta au jenereta, nayo izimwe.

Kisha testa. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme kabla ya kuzima, halafu mahali pa kazi baada ya kuzima, halafu tena mahali penye umeme kama upo karibu. Testa iliyokufa inasema "hakuna umeme" kila mahali. Bisibisi yenye taa ndogo si ya kutegemea kwa jambo hili. Tumia kipimo cha ncha mbili, upime laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi.

Hatua ya 7: Ukuta

Weka alama za soketi kwa pima maji. Sebuleni na vyumbani sentimita 45 kutoka sakafuni panafaa. Jikoni juu ya meza ya kupikia, mbali na sinki angalau sentimita 30, na isiwe nyuma ya jiko ambapo waya utapita juu ya moto. Chooni na bafuni usiweke kabisa. Kama unaishi bonde la Msimbazi au mtaa wowote unaojaa maji masika, pandisha zote zaidi ya mita moja, nyaya zishuke kutoka darini badala ya kupita chini.

Mfereji uende wima kutoka kwenye soketi au mlalo, kamwe usikate kona kwa mshazari. Atakayekuja kupigilia msumari wa picha miaka kumi baadaye anategemea hilo. Kina cha mfereji wa wima kisizidi theluthi ya unene wa tofali, wa mlalo kisizidi sehemu ya sita. Kwa tofali la inchi 5, yaani milimita 125, wima unapata kama milimita 40, mlalo 20 tu, ambayo paipu ya 20 inaijaza bila nafasi ya plasta. Kwa hiyo teremka wima. Kwa matofali yenye matundu ndani nenda polepole na grenda, nyundo inavunja uso wote.

Paipu ikae kwanza, waya uvutwe baadaye. Waya uliozikwa kwenye plasta bila paipu hautatoka tena bila kubomoa. Na kiungo cha waya kisifanyike ndani ya paipu wala ukutani. Kila kiungo kiwe ndani ya boksi linalofunguka. Kabla ya kupiga plasta, piga picha ukuta mzima ukiwa umeweka futi kando ili vipimo vionekane. Hizo picha zitakusaidia kuliko mchoro wowote.

Mpangaji asikate ukuta. Ongea na mwenye nyumba, mkubaliane kwa maandishi nani analipia na nani anabaki na soketi ukihama. Trankingi ya plastiki inayokaa juu ya ukuta ni halali na salama ikifungwa kwa skrubu, ile ya gundi huanguka joto likipanda.

Hatua ya 8: Kufunga

Fundi anamenya kama sentimita moja ya plastiki, bila kukata nyuzi za shaba. Waya wa ethi anauacha mrefu kidogo kuliko wenzake, ili soketi ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Nyuma ya soketi kuna herufi: L, N na alama ya ethi. Ukiitazama kwa mbele, ethi ipo juu, laivu kulia, nyutro kushoto. Ukiigeuza nyuma kulia na kushoto zinabadilishana, na hapo ndipo makosa mengi yanapotokea jioni mwanga ukiwa hafifu. Boksi likiwa la bati, kipande cha waya wa ethi kitoke soketi hadi kwenye boksi, na mpira uwekwe kwenye tundu la bati linalopitisha nyaya.

Kaza skrubu, vuta kila waya kwa mkono, kaza tena. Shaba isionekane nje ya tundu. Kisha nyaya zikunjwe taratibu ndani ya boksi, zisisukumwe kwa ngumi.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kulipa

Umeme ukiwa bado umezimwa, fundi apime ethi kutoka soketi mpya hadi DB. Kisha mega (kipimo cha uzima wa plastiki ya waya) ya volti 500, laivu na nyutro dhidi ya ethi, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa. Isomeke omu milioni moja au zaidi. Kwa waya mpya huwa inapanda juu sana, na ikisoma karibu na moja kuna msumari au unyevu mahali. Umeme ukirudi, ahakiki laivu ipo upande wake, apime nondo, na aijaribu RCD kwa kifaa chake, si kwa kitufe peke yake.

Kitufe cha TEST kibonyeze mwenyewe mbele yake. Kisipokata, kazi haijaisha. Endelea kukibonyeza kila baada ya miezi michache. RCD ikianza kukata mara tu soketi mpya inapotumika, usikubali irukwe kwa kupitisha nyaya pembeni yake "ili isisumbue". Mara nyingi nyutro imechukuliwa kutoka saketi nyingine, au kuna chombo kinachovuja kweli.

Mwisho, chomeka pasi au birika kwenye soketi mpya, litumike kwa nusu saa, kisha uguse uso wa soketi na ule wa soketi iliyotoa tawi. Uvuguvugu mdogo sawa. Joto la kukufanya uondoe kiganja, au harufu kama ya samaki aliyeoza, zima na umwite arudi. Ukiona cheche au moshi, zima swichi kubwa, usimwage maji, toka na watoto, piga 114 kwa Zimamoto.

Andika kwenye karatasi ngumu breka ipi inalisha soketi zipi, bandika ndani ya mlango wa DB. Yule mama wa Tabata aliandika yake kwa mkono, kwa kalamu nyekundu: jikoni, friji, sebule, vyumba viwili. Kazi yake ilichukua siku mbili, na friji ile ile anaifungua sasa akiwa pekupeku.